Viatu vya Mgeni wa Namba Nane

Juzi nilisafiri kwenda Mbale na mfuko wa plastiki mapajani, na ndani ya mfuko mlikuwa na buti za askari ambazo si zangu, si za marehemu baba yangu, wala si za mtu yeyote wa ukoo wetu. Kijana aliyekaa karibu nami alichungulia, akaniuliza kama ninaziuza. Nikamwambia hapana, nazirudisha nyumbani. Akacheka, nami nikamwacha acheke. Kutoka Mpumudde, kule Jinja ninakoishi siku hizi, mpaka Mbale ni mwendo mrefu, lakini hadithi ya buti zile ni ndefu zaidi, na yeye alikuwa na haraka ya kushuka. Wewe huna haraka, kaa nikusimulie.

Buti zile zilianzia kwenye hoteli moja iliyo nje ya mji wa Mbale, pale barabara inapoanza kupanda kuelekea mlimani. Zamani ilikuwa nyumba ndefu ya bati jekundu, ina baraza mbele, ukumbi wa kulia upande mmoja, na upande wa pili korido yenye vyumba vinane. Baba alikuwa mhudumu wa vyumba. Mama alikuwa dobi. Sisi tulikaa nyuma, kwenye nyumba za wafanyakazi, na mimi nilikulia katikati ya mashuka kama watoto wengine wanavyokulia katikati ya migomba. Asubuhi ukungu ulishuka mpaka kwenye kamba za kuanikia, nikawa namsikia mama akiimba bila kumwona. Halafu ilikuja harufu ya pasi ya mkaa juu ya kitambaa chenye unyevu, halafu ya kahawa ambayo mpishi aliikaanga mwenyewe, maana aliamini kahawa iliyokaangwa na mtu mwingine inaleta kiungulia. Siku mama akiwa na nafasi alitupikia malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, akayaunga kwa karanga. Nimekula vyakula vingi tangu wakati ule, na sijaona cha kukishinda.

Lakini saa niliyoipenda kuliko zote ilikuwa saa nane mchana. Saa nane mvua ilishuka kutoka mlimani, na wageni, wafanyabiashara wa kahawa na wakaguzi wa shule, walirudi na udongo mwekundu mpaka kwenye vifundo vya miguu. Walikula, wakavua viatu nje ya milango yao, wakalala. Baba alikuja na kigoda na sanduku lake la brashi, akaketi kwenye korido akivisugua jozi kwa jozi huku mvua ikipiga bati. Alipomaliza aliviweka mlangoni pua zikitazama ukuta. Maana yake, mwenyewe amelala, asisumbuliwe. Mgeni akiamka na kutaka chai, alifungua mlango akavigeuza vitazame korido, na chai ikaja bila mtu kuita. Nilikuwa najilaza kwenye chumba cha mashuka, mkabala na namba nane, nikivuta harufu ya rangi ya viatu mpaka usingizi unichukue. "Kiatu cha mgeni ni amana," baba alizoea kusema. "Mtu akikuachia kiatu chake amekuachia njia yake ya kurudi kwao."

Kisha vita vikaja. Kwanza vilikuja na wakubwa wa jeshi la serikali, wakachukua vyumba vyote vinane. Mwanzo hatukuogopa sana. Sisi Waislamu wa mjini Kiswahili tulikuwa tukikisema nyumbani, kwa hiyo baba aliweza kuongea nao vizuri, ingawa akina mama wa sokoni walianza kututazama kwa jicho la pembeni, maana kwao lugha hiyo ilikuwa imegeuka kuwa lugha ya bunduki. Asubuhi moja redio ya jikoni ikasema vita vimefika Jinja. Wakubwa wale waliondoka kabla ya chai. Walikimbia vibaya, rafiki yangu. Jozi sita za buti zao zilibaki kwa baba zimekwisha kupigwa rangi, na wenyewe hawakugeuka nyuma. Meneja naye akampa baba funguo, akapanda gari lao.

Watu wa barabarani wakaanza kupanda milimani na vyungu vyao na kuku. Shangazi yangu wa Malukhu alituma mtu kutuambia tusikae, askari waliokuwa wakirudi nyuma kutoka Jinja walikuwa wakiingia kila nyumba, wanachukua magodoro, wanachukua baiskeli, na mwenye kujibu wanampiga risasi. Sisi hatukuweza kwenda popote. Mama alikuwa amejifungua siku mbili zilizopita, damu ilikuwa haijakoma, na akisimama alianguka. Kwa sababu milango ya nyumba zetu za nyuma haikuwa na kufuli, baba na mpishi walimbeba yeye na kichanga wakamlaza namba nane, chumba cha mwisho. Miaka yote ile alikuwa akifua shuka za kitanda kile na hajawahi kukilalia. Sasa amekilalia, na kitu kilichomkosesha raha ni nani atazifua.

Siku hiyo, baada ya adhuhuri, tulisikia milio kwenye njia panda. Baba alisimama kwenye korido akaitazama milango. Halafu akazileta buti za wale wakubwa, akaanza kuzipanga, jozi moja kila mlango, pua zikitazama ukuta. Mpishi alimuuliza kama akili yake imemwacha. Baba akamwambia, "Mlango usio na viatu ni chumba kitupu, na chumba kitupu kinaingiwa. Kila mlango lazima uwe na viatu. Wewe kaanga vitunguu, pawe na harufu ya chakula cha wakubwa." Mpishi akaenda akakaanga, akinung'unika.

Buti ziliishia mlango wa sita. Wa saba baba alivua viatu vyake vyeusi vya kazini akaviweka, akabaki peku. Wa nane ukabaki mtupu. Akaniambia nikae kwenye chumba cha mashuka nisitoke, naye akakimbilia stoo kutafuta jozi ya zamani iliyosahauliwa na mgeni. Nami, kupitia ufa, niliuona mlango wa mama hauna kitu. Nilikuwa na miaka minane. Baba amesema kila mlango. Nikatoka, nikavua viatu vyangu vya shule, nikaviweka pale, pua zikitazama ukuta, sawasawa kama yeye. Nilijiona nina akili sana. Nikarudi ndani nikavuta mlango.

Gari likasimama nje kabla baba hajafika popote. Alirudi mbio mpaka mwanzo wa korido, peku, brashi mkononi, na hakupata nafasi ya kutazama mwisho wake.

Waliingia watatu, wamelowa. Wa mbele alikuwa koplo, mtu mrefu, macho mekundu ya kukosa usingizi.

"Wewe mzee, nani iko ndani?"

"Wakubwa, afande," baba alisema kwa sauti ile ile ya chini ya kila siku ya saa nane. "Wamekula, sasa wanapumzika. Mimi napiga viatu rangi."

"Wakubwa gani?"

"Mimi mtu ya viatu tu, afande. Majina sijui."

Wale wawili wa nyuma waliona safu ya buti zinazong'aa, na mmoja wao, wallahi, akafunga kifungo cha shati. Hawakusogea tena. Koplo peke yake akaanza kutembea. Namba moja, namba mbili. Alitazama kila jozi, na nilisikia maji yakifyonza ndani ya buti zake. Akafika mwisho, akasimama kati yangu na mlango wa mama, na mimi nikaona mgongo wake tu, na bunduki.

Aliinama. Akaokota kiatu changu cha kushoto, kile kilichokatika mkanda, ambacho mama alikijaza gazeti mbele kwa sababu kilinunuliwa kikubwa. Akaingiza vidole viwili akalipapasa lile gazeti. Wakati huo huo mdogo wangu akalia ndani, kilio kifupi, akanyamaza. Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu. Wale wawili hawakusikia. Koplo alisikia. Akageuka kumtazama baba, na baba ndipo alipokiona kiatu. Brashi ikamwanguka. Nilijua nimefanya kosa kubwa, ila sikujua kosa lenyewe ni lipi, na nilitamani mashuka yale yanifunike nisionekane tena duniani.

Koplo alikirudisha kiatu chini. Alikinyoosha vizuri, pua ikitazama ukuta. Akarudi kwa wenzake taratibu.

"Wakubwa wanalala," alisema. "Mkiamsha, shauri yenu."

Wakaenda jikoni kwa ncha za vidole, wakamaliza sufuria ya mpishi wakiwa wamesimama. Halafu koplo akarudi kwenye korido peke yake.

"Mzee," akasema, "mkubwa ya namba nane iko na mguu kidogo sana."

Baba aliiokota brashi yake. Kisha akasema, "Ni mke wangu, afande. Amezaa juzi. Hawezi kutembea."

Koplo aliketi kwenye kigoda cha baba, akaanza kufungua kamba za buti zake. Fundo lililolowa likamshinda, na baba akapiga magoti akamsaidia kama alivyowasaidia wageni wazee. "Mimi nimechoka na hii kazi," koplo alisema. "Nipe kitu ya kuvaa, nifike nyumbani." Baba akamletea ndara za tairi za mpishi na shati la kawaida. Koplo akachukua buti zake zenye matope akaziweka mlango wa nane, kando ya viatu vyangu. "Hizi pia piga rangi. Nitarudi chukua."

"Utazikuta tayari, afande," baba alisema.

Akatoka kwa mlango wa nyuma, akakata kwenye shamba la mibuni, hakuelekea kwenye gari. Wenzake walimwita mara mbili tatu, wakachoka, wakaondoka. Hakuna chumba kilichofunguliwa siku ile.

Baba aliketi sakafuni. Mpishi aliponikuta nimejikunyata kwenye mashuka alifoka, "Mtoto huyu alitaka kutuua." Baba akasema, "Nilisema kila mlango. Ametii." Basi wawili wale walibishana jambo hilo miaka ishirini. Mpishi alisema viatu vyangu vilitufichua, tuliokolewa na Mungu tu. Baba alisema jozi zote saba hazikumzuia koplo kutembea, kilichomrudisha ni kile kiatu kidogo. Mpishi, akishindwa, aliuliza ndara zake zitalipwa na nani. Mimi sikujua nimwamini yupi. Nilikua na swali hilo, nikaolewa nalo, na mpaka leo ningependa kumwona yule mtu nimuulize.

Amani ilirudi polepole, kama mama alivyorudi kusimama. Walikuja askari wengine wakazichukua buti za wale wakubwa. Wageni wakaanza kuonekana, wawili, watatu, wakila mihogo kwa sababu hapakuwa na mkate, na sabuni ya mama ilikuwa majivu. Buti za koplo baba alizificha kwa shangazi, Malukhu, mpaka hali ilipotulia akazirudisha nyumbani. Kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini alizitoa, akazipiga rangi, akazirudisha chini ya kitanda pua zikitazama ukuta. Mdogo wangu alipofika miaka kumi na mitano alizivaa akatamba nazo uani, zikamkaa sawasawa. Baba alimpiga kofi, moja tu maishani mwake, halafu akalia yeye mwenyewe kuliko mtoto. Tukimuuliza buti ni za nani na yeye anajua kabisa kwamba tunajua, jibu lake lilikuwa moja: "Za mgeni. Hajarudi bado." Alipokuwa anaondoka duniani hakunipa shamba, maana hakuwa nalo. Alinipa zile.

Sasa juzi nimefika. Hoteli ina ghorofa mbili, korido ina zulia, na ukutani wameandika kwamba kila mgeni atunze mali yake mwenyewe, hoteli haihusiki. Nililisoma tangazo hilo mara mbili, na sikufichi, liliniuma. Namba nane ipo palepale. Nikala mchana, mvua ikashuka saa nane kama aliyepewa zamu, nikaziweka buti nje ya mlango, pua zikitazama ukuta, nikalala. Usingizi ulikuwa mzito na mtamu, na ndani yake brashi ilikuwa inasugua, inasugua. Nilipoamka nikafungua mlango haraka kama mjinga. Zilikuwa na vumbi la safari, hakuna aliyezigusa.

Msichana wa vyumba alikuwa anapita na mashuka mikononi. Akasimama.

"Madam, hizi buti ni za nani? Humu si umeandikwa peke yako?"

"Za mgeni," nilimwambia. "Hajarudi bado."

Alinitazama, akaitazama korido yote, akacheka kwa adabu, akaenda zake. Nilitoa kopo la rangi kwenye mkoba, nikaketi kwenye zulia lao nikazisugua mpaka zikang'aa. Nikazirudisha mlangoni, safari hii pua zikitazama korido, nikakaa karibu nazo kungoja chai.