Fremu ya Mjomba wa Mfalme

Wasomaji wangu, mpiga chokaa wa Mnyuzi amefariki. Habari zenyewe zilinifikia hapa Korogwe zikiwa zimeshachoka, zimeletwa na dereva wa lori la mkonge ambaye alidhani ninajua, hivyo akanipa pole huku anatafuna muhindi. Marehemu alikuwa ameshazikwa wiki mbili. Mnamfahamu, hata wale mnaodhani hammfahamu: kama nyumba yako iko kati ya stesheni ya Korogwe na kambi za manamba za Mnyuzi, na ukuta wake ni mweupe, huenda mkono wake ulipita hapo. Alikuwa Mzigua wa Misima, kule Handeni, mtu mrefu mwenye nyusi zilizojaa chokaa hata siku ya Idi, na mdomo usiojua kupumzika. Wenzake walimcheka kwa jambo moja tu. Sebuleni kwake mwenyewe kulikuwa na kipande cha ukuta ambacho hakijawahi kuonja chokaa. Mganga hajigangi, walisema, na mimi nikasema nao.

Tulijuana kwa njia ya aibu yangu. Nilikuwa karani mpya, nimepata nyumba ya vyumba viwili yenye bati juu, nami niliamini kwamba mtu wa bati hawezi kukaa na ukuta mtupu. Makarani wenzangu wote walikuwa wametundika picha ile ile ya mlima wenye theluji na mnyama wa pembe ndefu aliyesimama kando ya maji, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyewahi kupata baridi inayoshinda ile ya mlimani Lutindi. Sikutaka kufanana nao. Nikanunua kwa mchuuzi wa stesheni picha ya Mzungu mwenye ndevu nyeupe na medali kifuani, tayari imo ndani ya fremu nzuri ya mvule yenye kioo. Mchuuzi aliniapia kuwa huyo ni mjomba wa Mfalme. Basi, nyumba yangu ikapata heshima. Wageni walishusha sauti. Mkwe wangu, mzee wa Handeni ambaye hakuwahi kuvua kofia hata mbele ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, aliivua kila alipoingia sebuleni kwangu. Mimi mwenyewe, nakiri, nilikuwa nikimpigia mjomba saluti asubuhi kabla ya kwenda ofisini.

Siku moja mpiga chokaa akaja kupaka. Ilibidi picha iteremshwe, na alipoishika alianza kucheka kabla hajashuka kwenye ngazi. Huyu bwana aliwahi kuwa mpishi wa meneja mmoja wa shamba la mkonge, na katika jiko la Mzungu alikuwa amejifunza kusoma kila kilichoandikwa kwenye kopo na chupa. "Karani," aliniambia, "huyu namjua sana. Anakaa kwenye chupa ya dawa ya tumbo." Nikamwambia aache utani, huyo ni mtu wa ukoo wa Mfalme. Akaigeuza fremu, akang'oa vijipini viwili nyuma, akakunjua sehemu ya chini ya karatasi iliyokuwa imefichwa. Yalikuwa pale maandishi makubwa, pamoja na maelezo ya namna ya kunywa: vijiko viwili baada ya chakula. Mkwe wangu alikuwapo siku hiyo, kofia mkononi. Akaitazama kofia, akanitazama mimi, akaivaa. Mama watoto alicheka hadi akalazimika kwenda kukaa uani.

Nimefikiri sana juu ya aibu hiyo, maana makarani tuna muda wa kufikiri. Kosa langu halikuwa kutomjua yule mzee wa dawa. Hata angekuwa kweli mjomba wa Mfalme, alikuwa na uhusiano gani na mimi? Hakuwahi kunijulia hali. Tunajenga nyumba kwa jasho letu, halafu ukuta ule mzuri kuliko zote, ule unaotazamana na mlango, tunampa mgeni tusiyemjua ili wageni wengine tunaowajua watuogope. Ndiyo maendeleo yetu, na kila nikimwona karani anatoka dukani na mlima wa theluji kwapani natamani kumuuliza kama pale nyumbani kwake kuna mtu anayempenda.

Nilimtupa mzee wa dawa, lakini fremu niliiweka uvunguni kwa sababu mvule ni mvule. Ilikaa humo mpaka siku mpiga chokaa alipokuja kwangu akiwa amenywea, jambo ambalo sikuwahi kuliona kwake. Bwana afya alikuwa amepita Mnyuzi. Papasi, wale kupe wa homa, wamezidi kwenye nyumba za udongo, alisema, kwa hiyo kila ukuta wa ndani upakwe chokaa kuanzia juu hadi chini, na atakayekaidi ataondolewa kwenye nyumba. Angerudi baada ya siku nne. "Si upake tu?" nikamuuliza. "Kazi yako hiyo." Akaniambia lile alilokuwa hajamwambia mtu. Kile kipande kisichopakwa alikisiriba mkewe kwa mikono yake, mwezi mmoja kabla homa haijamchukua, akamwachia binti mchanga. Alama za vidole vyake bado zilikuwapo kwenye udongo. Kila mwaka fundi alipaka chokaa pande zote, akikwepa hapo. "Nikipaka pale, karani, nitakuwa nimemzika mara ya pili. Nina akili ya jambo moja, lakini nahitaji ile fremu yako ya mjomba."

Niliipeleka mwenyewe, maana nilitaka kuona. Chokaa ya miaka mingi ilikuwa imenenepa hadi kile kipande cha udongo kimezama kama kidirisha kilichozibwa. Ndani yake mlikuwa na mistari ya vidole iliyopinda: mitatu mirefu, na wa nne ukiishia njiani. Nilifikiri moyoni kwamba marehemu mkewe hakuwa msiribaji hodari, lakini nikashika nyundo tu. Tulipigilia fremu juu yake, kioo na vyote. Bwana afya alirudi na daftari lake na kaptula yake iliyonyooka. "Hapa hujapaka," akasema. "Nimepaka ukuta wote, bwana. Hiyo ni picha." "Picha ya nani?" "Ya mke wangu." Bwana afya akasogea hadi pua ikakaribia kioo. "Mimi sioni mtu." Fundi akamjibu kwa adabu kubwa: "Ndiyo, bwana. Wewe hukumjua." Yule bwana alifikiri kidogo. Sheria yake ilizungumzia kuta, haikusema neno juu ya picha. Akaandika, akaenda zake.

Juzi nilikwenda Mnyuzi kwa arobaini. Mlangoni nilipokewa na binti yake, sasa mama wa watoto watatu. "Shikamoo mzee," aliniambia, "baba alisema ukija nikukumbushe, humu ndani hakuna wa kupigiwa saluti." Nilicheka msibani, na sijutii. Mafundi wenzake walikuwa wanaipaka nyumba yote kwa heshima yake. Ndani nilimkuta mama mkubwa wa yule binti, dada wa marehemu mama yake, ametoka Misima asubuhi ile. Hakuwa amefika hapo tangu mdogo wake alipozikwa, na hakuna aliyejua sababu. Alikuwa anatoa amri. "Mapicha yote yatolewe kabla ya dua. Na hilo nalo," akainyooshea kidole fremu. Binti akaruka: "Mama mkubwa, hiyo si picha. Ni ukuta." Fundi mmoja, ambaye Mungu hakumjalia subira, akachovya brashi. "Kama ni ukuta, basi naupaka."

Binti akanigeukia mimi, mtu mwenye maneno, anayeandika magazetini. Niliona machozi yameshamfika, kwa kuwa hakuwahi kumjua mama yake, na udongo ule ndio uso pekee aliokuwa nao. Nami nikafungua mdomo. Lakini yule mama mkubwa alikuwa ameshaivua fremu, ameilaza kitandani, amerudi kutazama kile fundi alichotaka kukipaka. Akaweka vidole vyake juu ya ile mistari, kimoja kimoja. Alipofika kwenye ule mfupi mkono ukasimama. "Kidole hiki nilimkata mimi," alisema. "Kwa panga. Tulikuwa tunagombea muwa." Akakaa chini pale pale, akalia kilio cha mtu aliyekichelewesha miaka mingi. Baadaye akajifuta kwa upindo wa kanga, akamtazama yule fundi mwenye brashi. "Wewe, kapake jikoni." Fremu aliirudisha mwenyewe, na dua ikasomwa hapo hapo.

Nimerudi Korogwe. Mjomba wa Mfalme aliacha msumari mtupu ukutani kwangu, na kwa miaka yote hiyo niliogopa kuupa kitu. Sasa unabeba kofia ya mkwe wangu, ile ile aliyoivulia dawa ya tumbo, ambayo mama watoto aliihifadhi sandukuni tangu mzee wake alipotutoka. Imeliwa na nondo kidogo. Wageni wanaitazama na hawaoni mtu. Mama watoto huigusa akipita, halafu hunitazama na kuanza kucheka, na siku nyingine kicheko chenyewe humtoa machozi. Kwa hiyo, ndugu yangu unayetoka dukani na mlima wako wa theluji, nakuachia funzo la mpiga chokaa kabla hujapiga msumari: ukutani tundika kile tu ambacho ungekuwa tayari kumdanganya bwana afya kwa ajili yake.