Siku Moto wa Cucu Ulipokanyagwa

Nilipokuwa mtoto, kwetu juu ya Thika, moto wa Cucu haukuwahi kuzimika. Cucu alikuwa nyanya yangu, mama ya baba. Kila usiku aliyafukia makaa ndani ya majivu, asubuhi akayafukua na kuyapuliza. Alisema moto ule aliupata kwa mama mkwe wake, naye kwa wake. Mtu akihama, makaa huhama naye kwenye kigae. Na nyumba mpya hujengwa kwa siku moja, moto uingie kabla ya giza. La sivyo kitu kingine hutangulia kuingia, nacho huanza na mtoto mdogo. Tuliyaamini haya, na Jumapili tulienda kanisani kama kawaida.

Ikaja Hali ya Hatari. Baba akachukuliwa, akatiwa kizuizini. Wakoloni wakaamuru tubomoe nyumba zetu, tuhamie kijiji kilichozungushiwa handaki. Mama alijenga akisaidiwa na wanawake wenzake, lakini mchana kutwa walilazimishwa kuchimba handaki lile, kwa hiyo nyumba yetu ilikaa bila paa siku nyingi. Cucu aliona kwamba sharti la siku moja limekwisha kuvunjika. Tumaini lake lilikuwa limebaki kwa ule moto.

Siku ya kuhama alikibeba kigae kwa mikono miwili. Mama alimbeba mgongoni Njoroge, ndugu yangu aliyekuwa bado ananyonya. Langoni mwa kijiji tulimkuta homgadi, mlinzi mwenyeji aliyewatumikia wakoloni, naye alikuwa kijana wa jirani yetu wa zamani. Mara ngapi aliuota moto uleule akingoja viazi viive!

"Cucu, moto haupiti hapa. Utachoma nyasi za watu."

"Ni wewe unaniambia hivyo, kijana wangu?"

"Ni amri, Cucu."

Akakipiga kigae teke, akayakanyaga makaa kwa buti mpaka yakafa. Halafu akatoa kiberiti mfukoni, na naamini alidhani anatutendea wema.

"Shika hiki. Hizi ni siku mpya. Nani bado anatembea na moto?"

Cucu alikataa kukipokea. Mama akakichukua, maana tulipaswa kula.

"Nyumba hii itatudai mtoto," Cucu akasema.

Njoroge hakuziona mvua zilizofuata.

Nimesoma, na nimefundisha watoto wa watu miaka mingi. Najua kuhara ni nini, najua maji yale yalivyokuwa, najua maziwa ya mama yalikauka kwa njaa na kwa jembe la handaki. Sihitaji kufafanuliwa. Lakini Cucu alisema kitu kibaya kitatangulia kuingia, na kiliingia kimevaa buti. Mpaka leo sijaona alikosea wapi, na hasira yangu haijapoa.

Sasa nakaa Gatongora, Ruiru, nyumba ya mawe. Juzi mjukuu wangu aliniuliza maisha ya kisasa yalianza lini. Wenzangu wa kanisa husema ni Uhuru, wengine ni stima, yaani umeme, ilipofika. Nikamjibu yalianza siku tuliyopewa kiberiti.

"Ai, Cucu! Kiberiti tu?"

"Kiberiti tu."

Akacheka, akarudi kwa simu yake. Sikumwambia kwamba mama alikitumia mpaka njiti ya mwisho, na kwamba kwa njiti hiyo aliwasha moto wa kuwapikia uji wale waliotusaidia kumzika Njoroge.