Bingwa wa Vifundo Avunjika Kifundo

Wodini walimwita Mzee Kisigino, ingawa si mbele yake. Alikuwa daktari bingwa wa mifupa, mpasuaji wa nyayo na vifundo vya miguu, na kwa ulimi hakuwa na mpinzani. Mgonjwa akikanyaga plasta kabla ya wakati, alikuwa akimshukia kama mvua ya mawe: "Kichwa umepewa cha kufugia nywele?" Jioni alikuwa akimsimulia mkewe hayo mezani, akicheka peke yake. Mkewe, mwalimu wa hesabu, alikuwa akitafuna kimya. Miaka mingi alikuwa amemchoka.

Asubuhi moja bingwa aliteleza kwenye ngazi za hospitali. Alivaa viatu vya ncha kali, vilevile alivyowakataza wagonjwa, na simu ikiwa sikioni. Kifundo kikavunjika pande zote mbili. Aliyempasua ni mwanafunzi wake wa zamani, ambaye yeye mwenyewe alimbandika jina la Mikono Mizito. Kijana akamfunga bamba la chuma na skrubu, akamwambia kwa adabu, "Mwalimu, mguu huu usiukanyage mpaka nikuruhusu."

"Unanifundisha mimi?"

Hata wiki mbili hazijaisha, wenzake wakaja nyumbani kumpa pole. Wakati wa kuaga, bingwa akainuka, akaacha magongo nyuma ya mlango, akawasindikiza mpaka getini kifua mbele.

"Baba watoto, kaa chini," mkewe akamwambia.

"Wewe fundisha hesabu zako. Mifupa niachie mimi."

Mkewe akamtazama akichechemea, uso umemkunjamana kwa maumivu, akaona kituko. Mtu mzima na elimu yake yote!

Mguu ukavimba kama andazi. Skrubu zilikatika, akarudishwa chumba cha upasuaji, kijana yuleyule akaanza upya. Kesho yake kaka mkubwa wa bingwa akafika wodini.

"Imekuwaje tena?"

"Si huyu Mikono Mizito! Kanifunga skrubu kama fundi wa makabati."

Kijana alikuwa amesimama miguuni pa kitanda na picha za eksirei mkononi. Akainamisha macho.

Mke wa bingwa, aliyekuwa kando ya kitanda, akaweka chini chupa ya chai. "Shemeji, usimsikilize. Alitembea. Nilimwona kwa macho yangu, mpaka getini, kwa kuwaringishia wageni."

"Mke wangu, unanivua nguo mbele za watu?"

"Ulishajivua. Sisi tulikuwa tunaona haya kukwambia."

Kaka akakohoa, akageukia dirishani. Kijana akaomba ruhusa, akatoka, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Bingwa hakuomba radhi. Alipona nusunusu, akabaki na mguu wa kuburuta, na aliyeuliza sababu aliambiwa habari za ngazi mbovu. Mkewe alimfulia, akamshika mkono kwenda msalani, akampikia. Ila bingwa akianza kusimulia upuuzi wa wagonjwa, mkewe alikuwa anachukua sahani yake na kwenda kula jikoni, mlango ameurudishia.