Niliwanywesha Wakwe Maji ya Kisima

Nimekosa, jamani! Jina msiniulize, hapa Buhehe, upande wa Uganda, wananijua vya kutosha.

Mjukuu wangu Nekesa alichumbiwa na Ouma wa Busia, upande wa Kenya. Wakwe wakaja kututembelea. Mama Ouma alileta beseni la omena, dagaa wa ziwani, mimi nikatoa chungu cha malwa, pombe yetu ya ulezi. Wanywaji mnajua: kila mtu na mrija wake, na mwenye nyumba anaongeza maji moto ili chungu kisishuke. Kikikauka mbele ya wakwe, aibu hiyo unazikwa nayo!

Sasa, kuni zilikuwa mbichi. Birika likakataa kuchemka. Nikasikia mirija inakoroma chunguni. Wee! Nikachota maji ya kisima, nikamimina huku nikipaza sauti, "Polepole, mtaungua!"

Mzee wao mmoja akasema, "Mama, mbona haiunguzi?"

"Ulimi wako ndio sugu," nikamjibu.

Hata chungu sijakiosha, tumbo likanikamata. Kipindupindu! Nikatundikiwa dripu. Ng'ambo, Mama Ouma naye hoi kitandani.

Mnadhani nilinyamaza? Nilipoweza tu kukaa, nikaitangazia wodi nzima: "Ni omena ya yule mwanamke!" Maneno yakavuka mpaka bila kitambulisho. Ouma akapiga simu: mama yake ametukanwa, ndoa basi. Nekesa akaacha kunisalimia.

Na bado sikukoma! Binti wa maabara alipokuja kuchukua kinyesi changu, nikamwamuru, "Pima na omena, iliyobaki iko jikoni! Pima kisima! Pima kila kitu, dunia ijue!"

Akapima, mtoto wa watu. Vichupa vikaenda Tororo, vikakutana na vya Mama Ouma kutoka ng'ambo, vikaenda na mbele huko. Siku aliyorudi na majibu, alitukuta mimi na Nekesa uani.

"Bibi, vijidudu navyo vina ukoo, kama watu. Tumevisoma vinasaba. Vya tumbo lako, vya tumbo la Mama Ouma na vya kisima chako ni ukoo mmoja."

"Na omena?"

"Omena ni safi, Bibi."

Nekesa akanigeukia taratibu. "Kukhu, bibi yangu, si ulisema tutaungua?"

Mungu wangu! Nilitamani kisima kinimeze.

Nikavuka mpaka na jogoo kwapani, nikapiga magoti kwa Mama Ouma, mimi na mvi zangu hizi. "Mkwe, ni mimi. Nilimimina maji mabichi, kisha nikakuchafulia jina."

Akanitazama weee, mpaka jogoo akachoka kupiga kelele. Halafu akaangua kicheko. "Kumbe tulishakuwa ukoo mmoja kabla ya mahari! Inuka. Arusi ipo. Lakini birika nashika mimi."

Na alilishika! Siku ya arusi nilikalishwa kama mgeni uani kwangu mwenyewe, namtazama akichemsha maji yangu, kwa kuni zangu, na watu wakinyonya bila wasiwasi. Iliniuma hiyo kuliko dripu!

Bibi wenzangu, chungu kikikauka mbele ya wakwe, kiacheni kikauke. Waambieni, "Maji bado, subirini." Watanuna kidogo. Wangu mimi waliharisha.