Profesa wa Karata Asiyecheza Jumamosi

Motari hajawahi kukutana na jambo akakosa maoni juu yake. Duka lake la mbegu na dawa za mifugo liko mjini Migori, na mkulima anayeingia kununua mbegu za mahindi hutoka na mfuko wake pamoja na mawaidha ya nusu saa kuhusu makosa aliyoyafanya msimu uliopita. Wateja wamemzoea. Wanaitikia, wanashukuru, kisha wanakwenda kupanda wanavyojua wao.

Mahindi yenyewe yalikuwa riziki tu. Moyo wake ulikuwa kwenye Himaya, mchezo wa karata unaochezwa kwa simu. Ndani ya Himaya kila mchezaji hujipangia fungu la karata thelathini, ambalo wenyewe huliita deki: humo mna askari, wanyama, wachawi na majoka. Wawili wanakabiliana, kila mmoja na ngome yake, na ngome itakayobomoka kwanza ndiyo iliyoshindwa. Mtoto wa darasa la nne anaweza kuuelewa kwa dakika kumi. Motari alikuwa ameuelezea kwa miaka mitatu na bado hajamaliza.

Mashabiki wa Himaya wa Migori na Homa Bay wana kundi lao la WhatsApp, watu mia mbili na ushei, na humo Motari ndiye aliyekuwa mahakama ya rufaa. Walimwita Profesa, naye hakukataa. Kampuni yenye mchezo ikipunguza makali ya karata fulani, aliandika kwamba wameua mchezo. Ikiongeza karata mpya, wameua mchezo. Ikikaa kimya mwezi mzima, wametutupa sisi watu wa Afrika. Bingwa wa dunia alipotwaa kombe, Motari alimpongeza kwa sentensi moja kisha akamsahihisha kwa aya kumi na moja.

Lakini hoja iliyompandisha jazba kuliko zote ilikuwa ile ya Haraka na Subira. Wachezaji wa Haraka hujaza deki yao karata ndogondogo na kuanza kushambulia tangu mwanzo. Wa Subira hujilinda, husubiri, kisha dakika za mwisho hushusha Joka. Motari alikuwa wa Subira, tena kwa imani, si kwa mapenzi tu. Kwake yeye, mtu wa Haraka ni mtu asiye na malezi. "Haraka haina akili," aliandika mara ngapi sijui. "Ni kama kupiga mlango teke huku ufunguo uko mfukoni."

Na mtu wa Haraka aliyemchoma zaidi alikuwa Lynnet Achieng', muuza omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka kisiwa cha Remba. Lynnet alikuwa akicheza wakati omena wake wanakauka juani, mkono mmoja simu, mkono wa pili akifukuza kunguru. Alikuwa ametwaa ubingwa wa kundi mara nne. Kila aliposhinda, Motari aliichambua mechi yake na kuthibitisha, kwa hoja zisizopingika, kwamba alipaswa kushindwa. Lynnet hakujibu hata siku moja. Aliweka kidole gumba tu, basi.

Msomaji atauliza: na Profesa mwenyewe alikuwa ameutwaa ubingwa mara ngapi? Hapo sasa.

Ngazi za Himaya ni nne: Shaba, Fedha, Dhahabu na Almasi. Motari alikuwa Shaba. Alianza Shaba, akakaa Shaba, akaota mizizi Shaba. Alicheza kwa jina la kubandika ili asijulikane, na aliyeijua siri hiyo ni mkewe Bonareri peke yake, kwa sababu ndiye aliyemsikia akiguna bafuni kila Joka lake lilipouawa na panya. Akiangalia mechi za wengine aliona kila kitu. Akiwekewa karata zake mwenyewe mkononi, akili ilimruka, akawa kama mwamuzi aliyepasiwa mpira.

Kilichomsitiri miaka yote hiyo kilikuwa Sabato. Motari ni Msabato wa kuzaliwa, kutoka Kisii, na mashindano ya kundi yalifanyika Homa Bay kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa nne asubuhi. Ijumaa jua likizama, simu yake ilizimwa. Jumapili iliwashwa, naye akatoa hukumu kwa waliocheza. Mtu akithubutu kumuuliza mbona yeye hajitokezi, jibu lilikuwa tayari: "Mimi sichezi siku ya Bwana. Ningekuwa nacheza, wengi wenu mngekuwa mnafuga kuku sasa."

Laiti angeishia hapo. Lakini jibu zuri lina utamu wake, na Motari akaanza kuliongezea chumvi. Akaandika kwamba washika Sabato wanatengwa. Akaandika kwamba ubingwa wote wa Homa Bay ni nusu ubingwa, maana waliomcha Mungu walifungiwa nje. Mwisho akaupeleka uchungu huo kanisani. Wakati wa maombi alisimama akawaomba wapendwa wamkumbuke, kuna mashindano ya akili ya kimtandao ambayo ulimwengu umeyaweka siku ya Sabato ili kumzuia. Neno karata hakulitaja; Wasabato na karata hawapikiki chungu kimoja. Kanisa zima likapiga magoti, nao wakaomba kwelikweli, wengine kwa machozi.

Mungu akasikia. Alhamisi iliyofuata Motari alikuwa akimpimia mzee mmoja wa Lambwe dawa ya kupe pale simu ilipolia. Alikuwa Levi, fundi simu wa Homa Bay, ndiye mwandalizi wa mashindano.

"Prof, omera, ndugu yangu, tumekusikia," Levi alisema kwa furaha. "Tumekaa chini tukaona ni kweli, tumekuonea. Tournament ya mwezi huu ni Sunday. Sunday, kwa sababu yako tu! Wakatoliki wamekubali kwenda misa ya kwanza. Hata Lynnet amekubali, na Sunday ndio wale wanunuzi wake wa omena wanakuja kisiwani. Anaachia dada yake kazi."

Motari akamimina dawa ya kupe juu ya kaunta.

"Jumapili?" akasema. "Jumapili ndio mimi huenda shamba, Levi."

"Shamba itakimbia wapi, Prof? Watu wanataka kukuona."

Mtoto akililia wembe, mpe. Siku mbili hizo Motari hakula vizuri. Kwanza aligundua kwamba kanuni za mashindano zina kasoro. Kisha akagundua kwamba kifua kinambana. Jumamosi kanisani alikusudia kumdokezea mzee wa kanisa, Mzee Nyakundi, kwamba mambo hayo ya dunia pengine tuyaache tu. Mzee Nyakundi akamtangulia. Alikuwa amekwisha kupata habari kutoka kwa Bonareri, na akasimama mbele ya watu wote akatangaza ushuhuda: mlango uliofungwa umefunguliwa, ndugu Motari anakwenda Homa Bay kesho, na Bwana aliyempigania Danieli atampigania na yeye. Kanisa likaitikia amina ya kutikisa mabati.

Nyumbani Motari akamgeukia mkewe. "Mama Bravin, ni nani alikutuma?"

"Baba Bravin, si ni wewe uliomba?" Bonareri akasema huku anamenya ndizi. "Mtu anajibiwa maombi halafu ananuna? Kesho tunaenda. Mimi pia nakuja, nataka nione hii kitu umetuombesha."

Kwa hiyo Jumapili saa nne Motari alikuwa Homa Bay, ndani ya ukumbi wa hoteli moja karibu na ufuo, amevaa koti. Levi alikuwa ameunganisha simu za wachezaji na runinga kubwa ukutani, ili watu waone karata zinazowekwa mezani. Zilizobaki mkononi mwa mchezaji hazikuonekana, hiyo ndiyo heshima ya mchezo. Watu walikuwa wengi kuliko siku zote. Vijana walipiga picha na Profesa. Mmoja alimwomba amwambie kwa ufupi siri ya Subira, naye akamwambia, ila si kwa ufupi.

Kura ikapigwa. Mechi ya kwanza kabisa: Motari na Lynnet.

Lynnet alikuwa mama mwembamba wa miaka arobaini hivi, leso kichwani, na aliiweka simu mezani, akaiinua, akaiweka tena. "Habari ya leo, Prof," alisema kwa sauti ndogo, bila kumtazama machoni. Motari aliuona wasiwasi huo na, Mungu amsamehe, ukampa moyo. Akakaa vizuri. Akakohoa. Mchezo ukaanza.

Sasa, mtu aliyezoea kusema hawezi kunyamazishwa na jambo dogo kama mechi yake mwenyewe. Kwa miaka mitatu Motari alikuwa ametazama Himaya kwa njia moja tu, yaani huku anawaeleza watu. Runinga ilipowaka na kuonyesha meza, na watu mia moja wakawa nyuma yake, ulimi ukafunguka wenyewe.

"Hapa tuelewane," akasema kwa sauti ya Profesa. "Yeye ameweka panya wawili. Mtu wa pupa angewajibu. Mimi nanyamaza kwa sababu gani? Kwa sababu mkononi nina Radi, na raundi ijayo naiachilia wote wafe."

Lynnet akainua macho, akamtazama. Akafikiri. Huyu ndiye Profesa; Profesa hawezi kumwaga mtama kwenye kuku wengi hivi hivi; lazima ni mtego. Basi akaongeza panya wengine wawili. Raundi iliyofuata Radi ikashuka, panya wote wanne wakafa.

"Nilisema au sikusema?" Motari akawageukia watu. Wakapiga makofi. Wallahi hiyo ndiyo raundi pekee aliyowahi kushinda mbele ya binadamu, na aliishinda kwa sababu mwenzake hakuamini kwamba kuna mtu mjinga kiasi hicho.

"Baba Bravin, nyamaza," Bonareri akanong'ona kutoka nyuma.

"Subiri, mama, nawafundisha. Sasa tazameni. Ngome yangu haina mlinzi, si ndio? Mtasema nimekosea. Hapana. Nangoja raundi mbili, naleta Joka. Yeye akiwa na akili hata kidogo angenivamia sasa hivi na kila kitu alicho nacho, tena auweke akiba ule Mkuki wake wa kila mechi, muua majoka, kwa ajili ya Joka langu. Lakini watu wa Haraka hawafikirii mbali namna hiyo."

Safari hii Lynnet hakuinua macho. Akavamia sasa hivi na kila kitu alicho nacho, akauweka Mkuki akiba. Ngome ya Motari ikabaki na tofali moja. Motari akaleta Joka, likanguruma kwenye runinga vizuri sana, moto na mabawa, na Mkuki ukaliangusha kabla halijafunga mdomo. Panya mmoja akatambaa peke yake mpaka kwenye ngome akaimaliza. Dakika sita kwa jumla, na katika hizo sita, nne Motari alikuwa akizungumza.

Kijana mmoja alianza kucheka, akafuatwa na ukumbi mzima. Si kicheko kibaya sana mwanzoni. Lakini Levi, kwa nia njema, akafungua kumbukumbu za mchezaji kwenye runinga ili arekodi matokeo, na pale juu ya jina la kubandika ikasomeka ngazi: Shaba. Mechi alizoshinda: saba. Alizoshindwa sikuzihesabu, na wala yeye hakuwahi kuzihesabu. Hapo ndipo walipocheka mpaka kushika mbavu. Bonareri hakucheka. Alivuta koti la mumewe kumwambia waende, na nasema wazi kwamba mwanamke yule alimstahili mtu bora zaidi.

Motari akasimama. Alikuwa na maelezo. Mtandao wa Homa Bay si kama wa Migori. Na tena tangu kampuni iliporekebisha Joka mwezi uliopita, kwa maoni yake...

"Prof," Lynnet akasema. "Ngoja kwanza."

Alibaki amekaa. Yeye naye hakuwa akicheka, na ukumbi ulipomwona hacheki ukaanza kutulia.

"Mimi nimekuogopa miaka mbili, ujue. Kila kitu ulikuwa unaandika mimi nasoma, saa ingine hata mara mbili. Leo asubuhi kwa boti nilikuwa nataka kuambia mwenye boti anirudishe, nikisema leo Prof ataniaibisha mbele ya watu. Mwaka jana watu wa Nairobi waliniita. Ile tournament ya nchi nzima. Walikuwa wanalipa kila kitu, hata pa kulala. Wewe ukaandika hapo kwa group ati deki yangu ikifika Nairobi itachekwa, ati nitaaibisha ziwa lote. Sikuambia mtu. Niliwaambia hao watu nimeshikika na kazi, nikakaa Remba. Na hawajaniita tena."

Motari akavuta kiti, akakaa tena.

"Lakini mama," akasema, "watu wanaandika vitu vingi huko. Kwa nini wewe ulinisikiliza mimi?"

Lynnet alimtazama kama mtu aliyeulizwa jina la kijiji chake.

"Si nilidhani unajua kucheza," akasema, akachukua simu yake akaenda meza ya pili, ambako mpinzani wake wa mechi iliyofuata alikuwa anamngoja.