Damu Yako ni Safi

Nilisoma mpaka darasa la tatu tu, lakini mashine ya kwanza ya kusaga mahindi pale Khayega ilikuwa yangu, na miaka ile baada ya uhuru hata walimu walinipisha njia. Mizani ndiyo iliyonifikisha hapo. Mizani ikisema gunia limepungua, limepungua, hakuna maneno. Ndiyo sababu niliiamini ile karatasi.

Mke wangu alikuwa na uvimbe chini ya mbavu za kulia, na mwili ulikuwa umemwisha. Daktari wa Kakamega alihofia kansa ya ini. Akasema Nairobi kuna kipimo kipya, kinatafuta alama ambayo kansa hiyo huiacha ndani ya damu.

"Lakini sikia, mzee," akaniambia. "Alama ikionekana, tutazidi kuhofu. Isipoonekana, hiyo haisemi yuko salama. Wagonjwa wengine hawanayo kabisa. Bado nitataka kuchukua kipande cha ini kwa sindano."

Nikaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyesikia.

Tukingoja jibu, mke wangu aliomba kitu kimoja.

"Baba watoto, nipeleke Khwisero nimwone mama. Miguu yake imekufa, hawezi kuja."

"Tungoje karatasi."

Karatasi ikaja: alama haikuonekana. Sindano ya nini tena, na damu imeshasema? Nilimcheka daktari mbele yake. Nyumbani nikachinja kuku saba, nikaita majirani, nikaisoma karatasi kwa sauti, mimi wa darasa la tatu! Kwetu firigisi, imondo tunavyoiita, ni ya mwenye nyumba, mwanamke haigusi. Siku hiyo nikaitoa kwenye bakuli langu, nikamtia yeye mkononi.

"Leo mwenye nyumba ni wewe!"

Watu wakacheka. Yeye pia akacheka. "Wazee wakikutoza faini, usinitaje." Kisha akasema polepole, "Sasa nipeleke kwa mama."

"Damu yako ni safi. Unaenda kuaga nini? Tukishavuna, nitakupeleka na gari, ukae hata mwezi."

Wageni walipoondoka niliikuta imondo imefungwa kwenye pindo la leso yake. Hakuwa ameiuma hata kidogo. Nikadhani amemwekea mtoto.

Macho yakawa ya manjano, tumbo likajaa maji. Alikufa mahindi yakiwa bado shambani.

Baadaye nilikwenda Khwisero peke yangu. Kwetu mama mkwe hakai mbele ya mkwewe, kwa hiyo mama yake alizungumza nami akiwa chumba cha ndani, mlango ukiwa wazi kidogo.

"Aliomba kuja?"

"Mara mbili, mama."

"Na gari ulikuwanga nalo."

"Nilikuwa nalo."

Nilikuwa na ile karatasi mfukoni. Nilitaka kumweleza ilivyosema, na alivyosema daktari kabla yake. Nikaiacha humo humo.

Wakaniletea kuku, imondo juu, kwa vile mimi ni mkwe. Sikuigusa. Nilikula obusuma, ugali wetu, mtupu.