Kilima cha Mke wa Fundi Viatu

Fundi viatu alividharau vilima vya jangwani vilivyokuwa nyuma ya mji. Wateja wake walikuwa wapandaji wa mlima mkubwa, ule wa barafu, safari ya siku mbili kwa basi. Aliwatilia soli ngumu zenye meno, naye akajiona amefika kileleni, kumbe hata chini yake hajapita. Ndivyo tulivyo binadamu.

Mkewe alikuwa na kilima chake kimoja, kipara. Kila wiki alikipanda alfajiri.

"Baba watoto, leo twende wote."

"Kichuguu kile? Mbuzi anakipanda huku anatafuna."

"Basi nitilie soli laini. Hizi zako zinateleza kwenye mawe makavu."

"Leo unanifundisha kazi?"

Akacheka, akaviweka viatu vya mkewe rafuni. Vikakaa miaka. Kinyozi hajinyoi, na mkewe hanyolewi. Mama wa watu akaendelea kupanda na ndala, mpaka kifua kikamlaza, asiinuke tena.

Baada ya mazishi, mdogo wa marehemu alimkuta fundi kiwandani, nyundo mkononi, hagongi kitu.

"Shemeji, hiyo nyundo unaipakata kama mtoto?"

"Nawaza dada yako alifuata nini kule juu."

"Nilimuuliza. Akasema, mume wangu akipanda atakusimulia yeye."

Kesho yake alfajiri fundi akavaa viatu vyake bora, vya soli ngumu. Nusu ya njia changarawe ikamkataa. Akaanguka mara moja, akaanguka tena, magoti yakachubuka. Akakaa chini akizitazama soli zile. Wateja wote aliwasikiliza, isipokuwa mmoja. Akavua, akavining'iniza viatu shingoni, akapanda na soksi.

Juu hapakuwa na barafu wala mawingu. Kilima ni kifupi, mji haukimbii macho: aliliona bati la kiwanda chake, mlango, hata kigoda chake pale nje. Jua likachomoza, jangwa likageuka rangi ya ngozi mpya.

Pale kileleni palikuwa na mawe mawili bapa, yamesogezwa yakaribiane. Moja limelainika kwa kukaliwa. La pili lilikuwa na vumbi tupu.

Akalifuta kwa kiganja, akakaa.

"Nimechelewa, mama watoto."

Mchana akakata soli laini, jozi mbili. Akavishusha vile viatu vya rafuni, akaanza kushona ile ndogo.